Tairi za piki ya safari: soma lile lililokufa kabla hujanunua jipya

Wakuu, wenye piki za masafa, GS, V-Strom, Africa Twin, Ténéré na ndugu zao, hili la tairi linatutesa sana na mara nyingi linatutesa bure. Mtu tairi la nyuma limeisha mapema au usukani unatetemeka, anaenda kusema nipe kampuni nyingine hii haifai, anafunga jipya, km elfu tatu mbele tatizo lile lile limerudi, na hapo hela ya tairi mbili imeshaenda. Na saizi zetu hizi hazijai madukani kama za bodaboda, nyingine unaagiza nje unakaa unasubiri, kwa hiyo kubahatisha kunauma kweli.

Ninachowaomba ni hiki: fundi akishalitoa tairi la zamani usimwachie alitupe. Lipeleke kwenye mwanga, lipitishe kiganja, lizungushe taratibu, lisome. Tairi lililoisha linakwambia wewe unaendeshaje, barabara zako zikoje, upepo ulikuwa sawa au la, shokapu ziko hai au zimekufa, na hayo ndo yanakuchagulia tairi jipya, sio picha ya kwenye tangazo.

Kabla ya dalili zenyewe, piga picha ubavu wa tairi. Mfano imeandikwa 150/70R17 69V. 150 ni upana kwa milimita, 70 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, R maana yake radiali (nyuzi za ndani zinakatiza moja kwa moja toka ubavu mpaka ubavu), 17 ni rimu kwa inchi, 69 ni namba ya uzito, hiyo 69 inabeba kilo 325, na V ni spidi ya mwisho km 240 kwa saa. Watu wanaangalia spidi wanasahau namba ya uzito, wakati mtu wa safari ana mke nyuma, mabegi mawili pembeni, boksi juu na dumu la maji, mzigo wote huo unakaa tairi la nyuma. Usishuke chini ya namba ya uzito iliyo kwenye kitabu cha piki hata kama tairi limeingia vizuri kwenye rimu. Na ukiagiza sema na mwaka wa piki, usiseme tu nataka tairi za GS 1200, maana R1200GS mpaka ya 2012 inavaa 110/80R19 mbele na 150/70R17 nyuma, kuanzia 2013 ni 120/70R19 na 170/60R17, ukipokea za mwaka mwingine utabaki umezikumbatia. V-Strom 650 inavaa saizi zile zile za GS ya zamani, ndo maana hizo kidogo zinapatikana. Africa Twin ya CRF1000L ni 90/90-21 mbele na 150/70R18 nyuma, na hiyo 18 watu wanaichanganya na 17 kila siku.

Haya, tuanze.

Tairi la nyuma limekuwa bapa katikati, pembeni bado zima

Hii ndo dalili ya nchi yetu. Dar mpaka Morogoro, Dodoma mpaka Singida, ni mnyooko saa nzima, tairi linasagika sehemu moja tu, ile duara yake inapotea, halafu ukifika Kitonga au ule mlima wa Chimala kwenda Matamba wenye kona 57 unashangaa piki haitaki kulala, unaisukuma haiendi, ukiisukuma tena inadondoka ghafla, kwa sababu ulikuwa umekaa kwenye ubapa na sasa umevuka ukingo wake. Mtu anaogopa kona anadhani ameishiwa ufundi kumbe ni umbo la tairi.

Sababu ziko tatu na zinaachana kwa kuangalia tu. Kama ubapa uko katikati kabisa na ni mwembamba, upepo umezidi, tairi lilivimba likawa linagusa lami kwa mstari mdogo. Kama ubapa ni mpana na umeenda mpaka mabegani, upepo ulikuwa mdogo kuliko mzigo. Kama ni wa kati na kati, hakuna kosa, ni barabara zako tu, na hapo ndo uchaguzi wa tairi unapokuja: tafuta lenye mpira wa aina mbili au zaidi, mgumu katikati na laini pembeni. Michelin Anakee Adventure na Bridgestone A41 zimetengenezwa hivo. Mtu ambaye asilimia tisini ya safari zake ni lami hana sababu ya kufunga tairi la kashata kubwa (kashata ni vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara) ati kwa sababu piki inafanana na ya kwenda jangwani, sura haikusaidii ukiwa Mikumi mvua inanyesha na roli liko mbele.

Tena msisubiri mpaka ziishe kabisa. Umbo likishaharibika piki imeshabadilika hata kama kina bado kipo juu ya zile alama za TWI, vile vinundu ndani ya mifereji vinavyoonyesha mwisho wa tairi. Mimi la nyuma likishakuwa bapa kiasi cha kuona ukingo kwa macho nalitoa kabla ya safari ya milima, hata kama fundi ananiambia bado linakula km elfu mbili. Litazila kweli, ila litazila za mjini.

La mbele lina mabondebonde, na linalia

Pitisha kiganja juu ya kashata za mbele kuelekea upande mmoja, kisha rudisha. Kama upande mmoja ni laini na ukirudi inakwaruza kama meno ya msumeno, hiyo ndo yenyewe. Ukiendesha unasikia ngurumo ya chini inayoongezeka ukiinama kwenye kona, wengi wanadhani ni beringi ya tairi imeisha wanabadilisha beringi isiyo na tatizo lolote.

Hapa ndo naomba tuelewane, maana dalili hii ndo inauza tairi nyingi bila sababu. Mabonde kidogo tairi la mbele ni kawaida, kwa sababu kila ukifunga breki kile kipande cha kashata kinavutwa kinajikunja kisha kinaachiwa, na kashata kubwa zilizoachana zinajikunja zaidi. Lakini yakija mapema na yakiwa makubwa, chunguza kwa mpangilio huu. Kwanza upepo, na upimwe tairi likiwa la baridi, yaani piki imelala usiku, sio umeendesha mpaka sheli ndo unapima. Pili shokapu za mbele: bana breki ya mbele, sukuma usukani chini kwa nguvu uachie, piki ipande mara moja itulie, ikiruka ruka mara mbili tatu oili ya ndani imechoka, na hakuna tairi la bei yoyote litakalopona juu ya shokapu zilizokufa, linadundishwa kwenye lami kila sekunde linaliwa vipande. Angalia pia oili inayovuja kwenye sili. Tatu beringi za shingo ya usukani: nyanyua piki tairi la mbele lisiguse chini, zungusha usukani taratibu, ukisikia kama kuna kishimo pale katikati basi zimekufa, kisha shika shokapu chini kabisa vuta na sukuma, ikicheza zimelegea. Nne mshale. Tairi nyingi zina mshale wa upande wa kuzunguka, na la mbele na la nyuma yanafuata kazi tofauti, la nyuma linasukuma na la mbele linabeba breki. Fundi wa gari ambaye hajazoea piki anaweza kufunga kinyume bila kujua, simama hapo uangalie mwenyewe kabla hajajaza upepo.

Ukishamaliza hayo manne ndo ununue. Ukinunua kabla, jipya litachongwa vile vile.

Usukani unatetemeka ukiachia gesi, spidi ikishuka kwenye 80 mpaka 60

Hii ni ndugu ya hiyo ya juu. Tairi la mbele lenye mabonde au lililoisha, beringi za shingo kulegea, au balansi. Kama tatizo limeanza siku ile ile uliyofunga tairi jipya, angalia ule mstari mwembamba unaozunguka ubavu karibu na rimu, umbali wake na rimu uwe sawa mzunguko wote. Ukiona sehemu umezama basi tairi halijakaa, toa upepo wote, paka maji ya sabuni, jaza tena, na usimruhusu mtu alazimishe kwa kuongeza upepo bila kikomo maana tairi likipasuka pale linaumiza vibaya. Balansi ya piki haihitaji mashine kubwa, ekseli juu ya stendi mbili na tairi lijizungushe lenyewe, upande mzito unashuka chini, unaweka risasi (kile kipande cha uzito cha balansi) upande wa juu, basi. Tairi jipya mara nyingi lina doti ya rangi, inakaa usawa wa valvu.

Piki inayumba mwili mzima kwenye spidi ya barabara kuu

Sio usukani peke yake, ni piki yote inacheza taratibu kama inaogelea, hasa ukipita roli kubwa. Angalia mzigo kwanza. Boksi la juu lililojaa liko nyuma ya ekseli na juu, linanyanyua tairi la mbele, hamishia vizito mabegi ya pembeni na vije mbele. Kisha upepo wa nyuma. Kisha kaza springi ya shokapu ya nyuma kulingana na mzigo, kwenye GS nyingi kuna kile kitasa cha kuzungusha kwa mkono na watu wanamaliza miaka hawajakigusa.

Ikiwa vyote viko sawa basi ni tairi: kashata ndefu zinajikunja kwenye spidi, na tairi bapa nalo linayumbisha. Continental TKC 80 ya nyuma ya 150/70 B17 ni 69Q, na Q ni km 160 kwa saa mwisho, wakati tairi lililokuja na GS ni V. Kwa hiyo mtu anayekimbiza mizigo kamili na TKC 80 asilaumu piki. Ikianza kuyumba ukiwa njiani usibane breki kwa hofu, achia gesi taratibu, sogeza mwili mbele, legeza mikono, itatulia yenyewe.

Kufuata mifereji ya maroli, ile lami iliyobonyea ya njia ya Tunduma, ni jambo tofauti kidogo. Tairi la mbele lenye mfereji mrefu usiokatika katikati linapenda kufuata hiyo mifereji, na la mbele lililoisha linafuata zaidi.

Linaisha haraka mno

Haraka ni kiasi gani? TKC 80 ya nyuma kwenye piki nzito ikifika km elfu sita za lami imefanya kazi yake, hapo hakuna kuisha haraka. Heidenau K60 Scout na Mitas E-07 ndo zinasifika kwa kudumu, wengi wanavuka elfu kumi na mbili, bei yake ni kwamba mpira ni mgumu na kwenye lami ya mvua inabidi uwe mpole. Hakuna tairi linalodumu sana, linashika sana mvuani na linapita tope sana, muuzaji anayekuambia lipo anataka hela yako tu. Chagua mawili.

Kwa hiyo usilinganishe na ya rafiki yako, pima ya kwako. Chukua kina cha katikati likiwa jipya, pima tena baadaye. Tuseme lilikuwa mm 9, baada ya km 4,000 limebaki mm 6, basi linakula mm 3 kila km 4,000, na kama utalitoa likibaki mm 2 una km kama 5,300 mbele, na usiziamini zote maana mwishoni linakula haraka zaidi. Hesabu hiyo ifanye wiki mbili kabla ya safari, sio asubuhi ya kuondoka.

Kinachokula tairi huku kwetu kuliko vyote ni joto. Lami ya kokoto zile zilizomwagwa juu inakwangua, mzigo unaongeza, lakini tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila mzunguko na kupata moto, na mpira wa moto unaisha. Kuna kipimo kizuri cha kienyeji cha waendesha piki: pima asubuhi likiwa baridi, endesha saa nzima kwa mwendo wako wa safari, simama upime tena. Likipanda karibu asilimia 10 umepatia. Mfano psi 42 asubuhi, 46 barabarani. Likipanda zaidi sana basi ya asubuhi ilikuwa ndogo, linajikunja mno. Likipanda kidogo tu basi imezidi. Na ukishapima la moto usipunguze upepo ukidhani umezidi! Watu wanafanya hivo pale Chalinze mchana, wanafika Njombe usiku, asubuhi ya baridi tairi liko chini kabisa na hawajui kwa nini. Kwa wastani kila nyuzi 10 za joto zinabadilisha geji psi moja na nusu hivi. R1200GS yenye mzigo kitabu kinasema 36 mbele na 42 nyuma, ya kwako iko kwenye stika au kitabu, ifuate hiyo, sio ile kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ile ni kikomo.

Ukiingia vumbi refu punguza, sawa, lakini ukirudi lami jaza. Beba pampu ndogo ya betri. Kwenye tairi za tyublesi (zisizo na tyubu ndani) na rimu za kumwaga, zile zisizo na spoki, mimi sishuki chini ya 28 nikiwa na mizigo, jiwe moja likibonyeza rimu upepo unatoka wote na hapo uko katikati ya Katavi.

Kashata zipo tele ila linateleza mvua ikinyesha

Tafuta neno DOT ubavuni, namba nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi hizo namba nne ziko upande mmoja tu, kwa hiyo ukiona DOT isiyo na namba geuza upande wa pili. Tairi la piki kubwa linaweza kukaa dukani miaka kwa sababu wateja ni wachache, jua linapiga kwenye kioo, mpira unakauka, na linauzwa kama jipya kwa sababu halijawahi kugusa barabara. Bonyeza kucha kwenye mpira, ikigoma kabisa kuingia na ukiona nyufa ndogo ndani ya mifereji, rudisha. Lililopita miaka mitatu mimi silipi bei ya jipya, na lililopita mitano sifungi kabisa kwenye piki ya safari hata nikipewa.

Ukiagiza kwa simu omba picha ya hizo namba nne kabla ya kutuma hela. Muuzaji mwenye tairi zuri hakasiriki.

Upepo unapungua taratibu

Maji ya sabuni kwenye valvu kwanza, kwenye ukingo wa rimu pili, hasa piki za pwani ambako chumvi inakula aluminiamu pale tairi linapokaa. Kama rimu ni za spoki jua ni za aina gani: GS nyingi za spoki ni tyublesi kwa sababu spoki zimefungwa ukingoni, Africa Twin ya CRF1000L ina tyubu ndani. Tairi lililoandikwa TL (tyublesi) unaweza kulifunga na tyubu kwenye rimu ya tyubu kama kampuni ya tairi inaruhusu, lakini TT (la tyubu) kwenye rimu ya tyublesi bila tyubu hapana. Na kila tairi jipya tyubu mpya, usimsikilize anayesema hii bado nzima, ile ya zamani imeshatanuka itajikunja ndani na mkunjo unapata moto unachanika.

Kwenye tyublesi, pancha ya katikati unaziba na kamba ya mpira unaendelea. Ya ubavuni, hapana, hata iwe ndogo kiasi gani. Uvimbe ubavuni baada ya kupiga shimo nao ni hukumu, nyuzi za ndani zimekatika.

Taa ya ABS au ya kuteleza inawaka baada ya kubadilisha

Umefunga saizi ya jirani. 140/80-17 badala ya 150/70-17 ni kubwa kwa milimita 14 kipenyo, zaidi ya asilimia 2, kompyuta inalinganisha mzunguko wa mbele na wa nyuma inaona kuna kitu hakiko sawa. Angalia pia lisije likagusa cheni au madgadi piki ikibeba watu wawili. Usichanganye radiali na bayasi (nyuzi za ndani zinapishana mshazari) mbele na nyuma kama kampuni haijaidhinisha, na usiweke kashata kubwa nyuma huku mbele ni lami tupu halafu uende rafu rodi, nyuma itasukuma na mbele haitashika. Bora jozi moja ya jina moja.

Siku ya kufunga, jipya linateleza, uso wake bado haujakwanguliwa, kwa hiyo km 150 za mwanzo lala kidogo kidogo, usifunge breki kali, na kama mvua inanyesha acha safari ianze kesho yake. Kesho asubuhi pima upepo tena kabla ya kuwasha, kaza nati ya ekseli kwa kipimo cha kitabu, kama piki ni ya cheni angalia imekaa sawa alama zote mbili za kulia na kushoto, na kama ni spoki gonga kila moja na spana ndogo, inayotoa sauti nzito imelegea.